Mkono Nilioushika Kwenye Kambi ya Macho

Saa nane na dakika ishirini mchana (nilikuwa nimetoka tu kutazama saa yangu, kwa hiyo msinibishie) nilishika mkono wa mwanamke ambaye mwanamume wa Kibukusu hapaswi kumshika mkono, nikatembea naye mbele ya umati mzima huku tukipiga gumzo. Aibu hii nimewaficha watu wa Kitale kwa miaka, lakini watu wa Kimilili wanaijua, na wanaisimulia vibaya, wanaongeza mambo, wengine ati nilikimbia mpaka Webuye, kwa hiyo afadhali niiseme mwenyewe jinsi ilivyokuwa.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mtu wa kambi. Nyumba yangu wakati ule ilikuwa katika kambi ya wafanyakazi wa shamba moja kubwa la mahindi nje ya Kitale, ambako nilitunza stoo, na kila nilipopata likizo niliitwa kusaidia kambi ya namna nyingine: kambi ya kanisa mwezi wa Agosti, ambapo familia nzima huhama na sufuria zao, magodoro yao na ugomvi wao, kambi ya kwaya, kambi ya skauti, hata waliojenga barabara ya lami waliwahi kuniita niwapangie stoo ya kambi yao. Marafiki wangu karibu wote nimewapata kwenye foleni ya chai ya kambi fulani. Shule niliiachia darasa la saba, mengine nikajisomea, na nilichojisomea kuliko vyote ni utaratibu.

Basi miaka ya themanini ikielekea kuisha ikaja kambi ya macho. Madaktari walifika na gari lao katika shule moja ya msingi pale Kimilili, siku tatu, bure, kuwatoa wazee mtoto wa jicho. Nekesa, mke wangu, alituma habari mapema kwao Malakisi kwamba mama yake aletwe, maana jicho lake moja lilikuwa limekwisha kabisa na la pili limeingia ukungu, na mtoto wetu mdogo, mama huyo alikuwa hajawahi kumwona sura, alikuwa akimjua mjukuu wake kwa kumpapasa tu. Jibu likaja kwamba mama anaogopa kisu na haji. Nekesa alilia kidogo. Mimi nikaenda Kimilili kusaidia, kama kawaida yangu.

Siku mbili za kwanza foleni ilikwenda kwa mwendo wa kinyonga, na nikagundua sababu. Ukimuuliza mzee wa kwetu jina, hakupi jina peke yake, anakupa na la baba yake, ukoo wake, alikotoka mama yake na binti zake wameolewa wapi, kisha anakuuliza na wewe hayo yote, na mnaweza kumalizia kwa kugundua kwamba yeye ni mjomba wako na inabidi umtafutie chai. Siku ya tatu, ya mwisho, nikaamua jambo dogo tu: hakuna majina. Kila mgonjwa nikambandikia kipande cha plasta kwenye paji la uso chenye namba. Foleni ikaanza kukimbia, nesi akanisifu, nami (nakiri) nikatembea siku ile kifua mbele.

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na uwanja wa shule ulikuwa tope tupu. Waliokwisha kutiwa matone machoni walikuwa hawaoni kitu, kwa hiyo sisi wasaidizi tuliwavusha mmoja mmoja kwa mkono hadi darasa la upasuaji ng'ambo ya uwanja. Nikaita namba kumi na saba. Akasimama mama mzee, amejifunga shali, aliyeletwa na majirani mchana ule wakamwacha langoni wakaenda sokoni.

"Kijana, nishike sawasawa," akasema. "Mimi si gunia."

"Usiogope, kukhu." (Ndivyo tunavyomwita nyanya.)

"Wewe unakaa wapi?"

"Kitale."

"Kitale! Hata mimi niko na mkwe huko Kitale. Iko na kazi ya stoo. Hiyo mtu inasoma vitabu mpaka unadhani ni pasta."

Mtaniuliza kwa nini sikushtuka. Kitale ina stoo nyingi, ndugu zangu, na kwangu mama mkwe alikuwa Malakisi akiogopa kisu. Nikauliza, tena kwa ulimi mtamu, "Na ni mkwe mzuri?"

"Mzuri. Hapigi mtoto yangu, hanywi. Lakini kwa ng'ombe ya mahari alitufanya, bana! Alituletea moja ya jicho moja. Mzee kuuliza, akajibu ati imeandikwa kwa kitabu, si jicho linatoa maziwa!"

Akacheka mpaka akaniegemea begani.

Ng'ombe yule nilimpeleka mimi. Maneno yale niliyasema mimi, neno kwa neno. Kumbe majirani walikuwa wamemshawishi mama akaja. Na hapa lazima niwaeleze wasio wa kwetu: mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawakai karibu, hawatazamani. Ukimwona anakuja njiani, unaingia ndani ya mahindi ya watu usubiri apite. Kwa miaka sita ya ndoa nilikuwa nimemwona mama huyu kwa mbali tu, tena mgongo na leso, ndiyo maana nilikuwa nimemtazama uso kwa uso, nikambandika plasta kwenye paji kwa kidole changu hiki, nisimjue.

Mtu mwenye akili angemfikisha mlangoni kwanza, kisha akafe kwa aibu pembeni. Mimi niliuachilia mkono ule kama kaa la moto, katikati ya tope, nikaruka nyuma, nikateleza, nikakaa kitako, suruali ikapasuka nyuma kuanzia mshono wa chini mpaka kwenye mshipi.

"Kijana? Kijana, uko wapi?" Mama mkwe alinyoosha mikono hewani, akayumba.

Foleni yote ikapiga kelele. "Wewe! Unaacha mzee kwa matope?" "Shika yeye, bana!"

"Siwezi!" nikajibu.

"Huwezi nini? Umevunjika?"

"Ni mama mkwe!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Akina mama walijifunika nyuso kwa leso wakacheka humo humo ndani. Na mtu mmoja mwenye roho nzuri akaona amsaidie mgonjwa kuelewa: "Mama, huyo aliyekushika ni mkwe wako! Yule wa stoo!"

Mama mkwe akavuta shali kichwani, akageuka anipe mgongo kama inavyostahili, lakini kwa kuwa haoni, akageukia upande wangu kabisa. Nikakimbia kumzunguka nipate kuwa nyuma yake. "Mama, yuko kushoto!" wakamwambia, akageukia kulia. "Hapana, amehama!" Akageuka tena, nami nikahama tena, tukazungukana pale kama kuku na kivuli chake, mimi nimeshika suruali kwa nyuma, mpaka nesi, ambaye hakuwa mtu wa kwetu, akatoka nje kwa hasira.

"Mnacheza nini hapo? Daktari anafunga vifaa saa kumi na anaondoka!"

"Siingii," akasema mama mkwe. "Nirudishwe Malakisi. Afadhali giza kuliko kuambiwa nilitembezwa na mkwe kama bibi arusi."

Hapo ndipo nilipoona si mchezo tena. Ilikuwa siku ya mwisho na hakuna aliyejua kama gari lile lingerudi tena Kimilili. Nilimwona akilini Nekesa akiniuliza nikirudi nyumbani, nami nikimjibu kwamba mama yake alifika, akatiwa matone, akabakiza hatua chache, nikamrudisha gizani mimi.

Aliyetuokoa ni Mama Uji, muuza uji wa langoni. Alimshika mama mkwe kiunoni, wakanong'onezana, kisha akanipigia kelele, "Anasema aibu ikifunikwa ataingia! Kimbia ulete blanketi! Na kuku!" (Kwetu mkwe aliyemvunjia mama mkwe heshima hutoa faini ya blanketi na kuku, na aibu huishia hapo.)

Nikaanza kumweleza kwamba kwa utaratibu, kabla ya upasuaji...

"Utaratibu yako si ndiyo imetufikisha hapa? Kimbia!"

Nikakimbia. Nilipita katikati ya soko la Kimilili mkono mmoja nyuma, tope mpaka shingoni, nikachukua blanketi la kwanza nililoonyeshwa, na kuku sikumkagua hata macho. Saa kumi kasorobo nilikuwa langoni. Sikuruhusiwa kusogea, kwa hiyo blanketi lilipita mkono kwa mkono kupitia foleni nzima, na kuku nyuma yake akilalamika, mpaka likamfikia. Akalipapasa kwa vidole, polepole, ukingo hadi ukingo.

"Ni jepesi," akasema. "Lakini ni blanketi."

Akalijifunga, akapelekwa na Mama Uji hadi mlangoni. Kitu cha mwisho nilichosikia ni nesi: "Kuku haingii kwa upasuaji!"

Kesho yake asubuhi, wakati wa kufungua bandeji, nilijificha nyuma ya choo cha walimu, mbali kabisa, nipate tu kujua. Nesi, aliyebaki nyuma kwa kazi hiyo, akaifungua. Mama mkwe akatazama huku na huku, mikono yake, mlima, watoto uwanjani. Kisha nikamsikia akimwambia Mama Uji, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Yule mrefu nyuma ya choo si ndiye Wafula? Mwambieni nimemwona. Amekonda sana. Nekesa hampikii?" Halafu, akikunja blanketi lake: "Na mwambieni aje na mtoto. Yeye abaki kwa gate."

Tangu siku hiyo, katika kambi yoyote ninayosaidia, namuuliza kila mtu jina, baba, ukoo, mama alikotoka na binti zake wameolewa wapi, hata foleni ikifika Bungoma mjini, na atakayeniletea habari za namba nitamfukuza. Blanketi, kuku na fundi wa kushona suruali, vyote pamoja, vilinigharimu shilingi mia mbili sitini na tano.