Jembe Kwenye Mizani

Sauti ninayoikosa kuliko zote ni ya vyura wa Buterere. Najua, hakuna mwenye akili timamu anayewatamani vyura wale. Jioni ikiingia walipiga kelele kwenye mashamba ya mpunga mpaka watu wazima wakawatukana. Lakini mimi nilizaliwa katikati ya kelele hizo, na nilikuwa na miaka mitano hivi ziliponitoka. Siku hizi nikipita kule naona maji, naona mpunga, basi.

Ilikuwa vita. Baba alikuwa amevuka mpaka kwenda Uvira kutafuta kazi na hakurudi, kwa hiyo tulibaki wawili, mama na mimi. Kama wanawake wengi wa mtaa wetu, mama hakutoka nyumbani bila furushi. Alilifunga tumboni chini ya kitenge: sufuria ndogo, chumvi, sabuni, unga wa muhogo, na jembe lisilo na mpini. Risasi zikianza hukupata nafasi ya kurudi nyumbani, na ukifika unakokimbilia bila jembe, utalima kwa kucha? Mtoto mgongoni, furushi tumboni, kitenge juu ya vyote. Ukiwatazama kwa mbali ungedhani mtaa mzima una mimba, na utani juu ya hilo haukuisha.

Malaria iliponishika safari hiyo, miguu ilikataa kabisa kusimama. Mama alinibeba mpaka zahanati pekee iliyobaki wazi upande wetu. Ilikuwa ya kila mtu: wajawazito, wazee wa kifua, vijana wenye risasi mguuni. Mtoto hakuwa na foleni yake, hakuwa na kitanda chake, na mizani ilikuwa moja, ile ya watu wazima ya kusimama juu yake. Muuguzi alikuwa mwanamume mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Maneno yake na ya mama nayakumbuka vizuri, kwa sababu ni kati ya maneno ya mwisho niliyoyasikia.

"Mama, panda na mutoto," alisema.

Mama akapanda.

"Sasa umuweke chini, upande peke yako."

"Nimuache apa kwenye banc? Watu ni mingi, muganga."

"Umuweke tu, mama. Bengine banangoja."

Mama alifungua kitenge. Kwa kuwa kitenge kilikuwa kimoja, tuliteremka wote, mimi na furushi. Akatulaza kwenye benchi pamoja, akatufunika, kisha akaninong'oneza, "Shika furushi, mutoto wangu. Mutu asilikamate." Nikalikumbatia. Chuma cha jembe kilikuwa baridi na mimi nilikuwa nawaka, nikaweka shavu juu yake nikaona raha. Mama akapanda mizani mara ya pili, mwepesi. Muuguzi akatoa uzito wa pili kwenye ule wa kwanza, kilichobaki akakiita mtoto, na kwa kipimo hicho nikawekewa kinini, dawa ya malaria, kwenye serumu iliyotundikwa.

Nililazwa kitanda kimoja na mtu nisiyemjua, kichwa kimefungwa bandeji, mgongo wake umenigeukia. Kesho yake masikio yalianza kulia kengele. Nilimwambia mama kwamba kuna kanisa ndani ya kichwa changu, akacheka kwa furaha ya kuniona naongea. Siku zilizofuata homa ilishuka. Kengele zikanyamaza, na kila kitu kikanyamaza pamoja nazo. Mama alimpelekea muuguzi yule ndagala, dagaa wa ziwani aliowauza, waliokaushwa vizuri, kumshukuru.

Kuwa kiziwi katika mji wenye vita ni kuishi kwa kutazama nyuso. Watu wakikimbia, nakimbia. Wakilala chini, nalala chini. Sijui ni kwa nini mpaka yote yamekwisha. Usiku mama alinifunga uzi mkononi, na ncha nyingine mkononi mwake, ili tukilazimika kutoka asipoteze muda kunitafuta gizani. Mchana hakukuwa na uzi. Watoto wenzangu hawakuwa wabaya, walichoka tu kunirudilia maneno, na mimi nilichoka kujifanya nimeelewa. Nilikaa mlangoni nikisoma midomo ya wapita njia. Nilikuwa mpweke kupita kiasi, na nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Mama alikuwa na jibu lake. Mgeni akiniuliza jambo nikamkodolea macho, mama alimwambia, "Malaria ilitaka kumubeba muzima, mi nikaiachia masikio tu." Alilisema kifua mbele. Baba alipotea, nyumba ilichomwa, biashara ya ndagala ilikufa, lakini alimwokoa mtoto wake. Hicho ndicho kitu pekee alichokishinda katika vita vile.

Nilikuwa kijana tayari siku nilipomwona mchuuzi sokoni akipima gunia la mihogo. Alimwaga mihogo, akapima gunia tupu, akatoa uzito wake. Mnunuzi alikuwa mkali, hakutaka kuuziwa gunia kwa bei ya mihogo. Nilisimama pale nikahisi tena ubaridi wa jembe shavuni. Baadaye nilimwandikia daktari mmoja swali kwenye karatasi. Akanijibu kwamba inawezekana, dawa ikizidi huharibu masikio, ila malaria yenyewe nayo huyaharibu, na hakuna atakayejua tena. Mama sikumwambia. Ningemwambia ili apate nini?

Binti yangu alipozaliwa, tulimpeleka kliniki ya watoto upande wa Kibenga, watoto watupu, samaki wamechorwa ukutani. Niliona vitanda vifupi na viti vifupi, nikaona wivu, mtu mzima mimi. Mizani ilikuwa kama beseni. Mama ndiye aliyembeba mjukuu wake, kwa kitenge, kama zamani. Muuguzi, msichana mchangamfu, akamwambia amvue kila kitu, hata kofia.

Mama akacheka. "Ata kofia? Kofia iko na kilo gani?"

Nilisoma midomo ya msichana bila shida. "Kila kitu, mama. Dawa inafuata kilo. Tukipima na vitu, tutapatia vitu dawa, mutoto ndiye ataumia."

Mama alibaki ameshika kofia. Akatazama beseni, akatazama kitenge chake, mkono ukashuka taratibu mpaka tumboni, pale furushi lilipokaa miaka ile yote. Kisha akanigeukia. Nilitikisa kichwa haraka, apana, apana, si hivyo, lakini alikuwa ananijua tangu mgongoni, akaona kwamba nilijua.

Akaanza kuniambia jambo. Alisema kwa muda mrefu, na mimi sikupata hata neno moja, kwa sababu alikuwa amefunika mdomo kwa mkono.