Boneti Haikufunguliwa

Kifungo cha juu cha shati, kile cha shingoni, kilikuwa kazi ya mkewe kwa miaka thelathini na minane. Kila asubuhi alisimama mbele ya mumewe, akamwinua kidevu kama kinyozi, akakifunga, akampiga kofi dogo kifuani na kumwambia, "Haya, nenda." Tangu alipofariki, miaka mitatu sasa, kazi hiyo ilikuwa imeangukia mikononi mwa binti yao wa pekee, siku zile anapokuja. Siku ya maonyesho ya magari ya zamani alikuja mapema.

"Simama vizuri, Baba."

"Nimesimama."

"Umesimama kama jeki mbovu. Inua kidevu."

Mtaani walimwita Tisa. Mkono wake wa kulia haukuwa na kidole cha shahada, na watu wa mtaa huwa hawana haja ya kufikiri sana wanapompa mtu jina. Alikuwa fundi wa magari aliyestaafu, mjane, mwenye nyumba ya vyumba vitatu na nguzo mbili za zege mbele ya ua. Katikati ya nguzo hizo palikuwa wazi. Geti halikuwepo.

Kuta za sebule alizipamba kwa matangazo ya magari aliyoyakata katika majarida tangu ujana wake. Kulikuwa na bibi mwenye glavu nyeupe, ameegemea gari refu kuliko nyumba iliyokuwa nyuma yake. Kulikuwa na kigari ambacho mlango wake ulikuwa pua yake: ukitaka kuingia unafungua uso mzima wa gari, na usukani unatoka nao. Kulikuwa na gari la taa tatu, ile ya katikati ikigeuka na magurudumu kama jicho la mwenye wivu. Na kulikuwa na lile lililotangazwa kwamba linaogelea. Mtu mmoja mjini alilinunua, akaogelea nalo mara moja tu.

"Siku hizi tangazo linakufokea," Tisa alipenda kusema. "Zamani lilikuvulia kofia kwanza, ndipo likakudanganya."

Tangazo moja lilikaa peke yake juu ya redio. Gari dogo limeloa tope hadi madirishani, kofia mbili za chuma zimeinama juu ya taa zake kama nyusi za mtu aliyeudhika. Ndiyo maana watu waliliita Nyusi. Mkono wa mwanamke umeshika waya uliobanwa kwa lakiri, muhuri wa madini ya risasi, kwenye ukingo wa boneti. Chini yake maneno: SIKU NNE. KILOMITA ELFU TANO. BONETI HAIKUFUNGULIWA.

Enzi zile bango hilo lilikuwa kila kituo cha mafuta na kila kinyozi. Nyusi ilishinda mbio kubwa za magari za mwaka ule, na lakiri iliyopigwa mbele ya waandishi wa habari siku ya kuanza ilikutwa nzima siku ya kumaliza. Watu waliuza magari mazuri wakanunua Nyusi. Gari ambalo halihitaji fundi! Nani asingelitaka?

Na bango lilisema kweli. Boneti haikufunguliwa. Ila siku ya tatu, saa sita mchana, mvua ikinyesha, klachi ilikufa. Kubadilisha klachi ni lazima giaboksi ishushwe, na boliti mbili za juu za giaboksi ya Nyusi kila fundi alizifungulia kwa juu, kupitia kwenye boneti. Kila fundi isipokuwa mmoja. Huyo mmoja alikuwa amepasha spana moto, akaipinda mara mbili kama mguu wa panzi, na kwa spana hiyo alizifikia boliti zile akiwa amelala chini, bila kuziona, kwa kupapasa tu. Meneja wa mauzo wa kampuni ya Nyusi alimjua. Alikuwa amemficha nyuma ya pikapu ya vipuri, jina lake halimo katika orodha ya timu. Wakati huo fundi yule alikuwa bado na vidole kumi na jina lake halisi.

Alifanya kazi ile kwa dakika hamsini na moja. Boliti ya juu kulia ilimponyoka ikazama topeni, wasiione. Shamba la jirani lilikuwa na trekta limesimama. Akachomoa boliti ya trekta, ikakubali kuingia lakini ikawa ndefu, akaijazia washa tatu, vile vipete vya chuma, ili ibane. Kabla ya hapo, walipokuwa wakiirudisha giaboksi juu, jeki ilizama upande mmoja. Angeruhusu idondoke, mbio zingekwisha. Aliizuia kwa mkono. Dereva alimtupia shati lake la akiba afunge jeraha, akawasha gari, akaondoka. Hata honi hakupiga.

Meneja alimtembelea hospitali akiwa na fomu ya ajali.

"Ulisema mkeo amekutumia salamu kuhusu geti?"

Ilikuwa kweli. Mkewe alikuwa kwa mama yake, amejifungua mtoto wa kwanza, na alikuwa amemtuma kaka yake aje kusema: rekebisha geti kabla sijarudi na mtoto, lile geti limelegea, litamwangukia mtu.

"Basi ni geti," meneja akasema, akaandika. "Neno lako?"

"Neno langu." Akampa mkono wa kushoto.

Mkewe aliporudi na kichanga mgongoni, akauona mkono ule, alisimama mlangoni akauliza kwa sauti ndogo, "Ni geti?" Mumewe hakuhitaji hata kusema uongo. Aliitikia kwa kichwa. Wiki hiyohiyo yule mama alimwita mnunuzi wa vyuma chakavu akamwambia abebe geti, asimpe hata senti, alitoe tu machoni pake.

Binti alikua akiambiwa: baba yako alipoteza kidole ili wewe uingie nyumbani salama. Alijifunza kuandika akijua hilo. Akawa karani wa mahakama, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja anayesikiliza viapo kutwa nzima, na bado alikuwa akijua hilo. Kwa hiyo Tisa alipoanza kumsimulia habari ya klachi na spana, baada ya matanga ya mama yake, alimkata kauli.

"Baba, umekaa na hizo picha mpaka umejibandika ndani."

"Nakwambia nilikuwepo."

"Nani alikuona?"

"Meneja. Amekufa. Dereva alihamia ng'ambo, sijui kama yu hai."

"Shahidi mmoja marehemu, mwingine hajulikani aliko. Hakimu angekufukuza na spana yako." Kisha, kwa sauti nyingine: "Usimnyang'anye Mama geti lake."

Alinyamaza miaka mitatu. Halafu redio ikatangaza kwamba Nyusi yenyewe, ile iliyoshinda, imepatikana kwenye banda la kuku, imefufuliwa na itaonyeshwa. Tisa akampigia bintiye. Hakutaka sifa za watu, alisema. Alitaka aje naye aone boliti moja tu.

Ukumbi ulikuwa bohari la zamani lililopigwa rangi nyeupe. Nyusi ilikuwa katikati, imezungushiwa kamba, inang'aa kama meno ya bandia. Hata siku iliyotoka kiwandani haikuwa imeng'aa hivyo. Juu yake lilining'inia bango, limekuzwa likawa ukubwa wa ukuta. Mwenyekiti wa chama cha wenye magari ya zamani, mtu mnene mwenye kofia ya ngozi na kicheko cha karibu, aliwapokea.

"Karibu, Mzee wangu! Wewe nawe ni mpenzi wa Nyusi?"

"Niliibadilisha klachi. Kwenye mbio zile."

Mwenyekiti aliwageukia waliokuwa karibu. "Jamani, mnamsikia Mzee? Kabadilisha klachi!" Akanyoosha kidole juu, kwenye bango. "Sasa Mzee, kama boneti haikufunguliwa, wewe ulipitia wapi? Kwenye bomba la moshi?"

Watu wakacheka. Hata mama mmoja aliyekuwa akimnyonyesha mtoto alicheka. Binti alitazama viatu vyake.

"Nipeni boksi la kulalia," Tisa akasema. "Dakika mbili."

Kwa sababu alikuwa mzee, na kwa sababu kichekesho kilikuwa bado kitamu, walimpa. Alilaza boksi, akalala chali na shati lake jeupe, akajisukuma chini ya gari hadi zikabaki soli za viatu tu. Alipandisha mkono wa kulia, vidole vinne, akapita njia ambayo mkono wenyewe uliikumbuka: pembeni ya bomba, nyuma ya nyaya, juu, juu zaidi. Boliti ya kushoto. Boliti ya kulia. Akazipapasa kichwa kimoja baada ya kingine, kisha akarudia. Zilikuwa sawasawa. Mpya, laini, baridi. Wala washa tatu, wala nini.

Alitoka polepole. Binti alimpangusa vumbi mabegani bila kumtazama usoni.

"Twende, Baba."

"Ilikuwepo."

"Najua. Twende."

Ile "najua" ilimchoma kuliko kicheko. Ndivyo walivyomwambia mkewe siku za mwisho, alipokuwa akisema kuna ndege chumbani.

Walikuwa wameshaanza kuondoka pale fundi aliyelifufua gari, kijana wa overoli nyeupe isiyo na doa la mafuta, alipouliza huku akitafuna, "Mzee alikuwa anatafuta nini kule juu?"

"Boliti," mwenyekiti akamjibu. "Anasema aliacha boliti yake."

"Ya juu kulia?" Kijana alicheka hadi akapaliwa. "Usinikumbushe! Ile ilinisumbua siku mbili nzima. Ya trekta, jamani! Mtu kachukua boliti ya trekta kaibamiza kwenye gari kama hili, na chini yake washa tatu kama hereni za bibi yangu. Nilisema huyu si fundi, huyu ni muuaji. Nikaitupa."

Tisa alisimama. Miaka arobaini na mmoja alikuwa akingoja mtu aseme maneno hayo, na yalikuja hivyo, yakiwa yamechanganyika na makombo ya mkate. Hilo halikumuudhi. Alimgeukia bintiye kwa uso wa mtoto aliyeleta cheti kutoka shuleni.

Binti hakuwa akimtazama yeye. "Washa ngapi?" alimuuliza kijana.

"Tatu, dada."

"Una hakika?"

"Nilizitoa kwa mkono huu."

Mwenyekiti akaingia katikati upesi, amemshika Tisa kiwiko. "Mzee wangu, hayo tuyaache hapahapa, sawa? Watu wamekuja kwa ajili ya bango lile. Njoo upigwe picha. Tutaandika: shabiki wa siku nyingi."

Hawakupiga picha. Binti alikuwa ameshatoka nje. Tisa alimkuta amekaa kwenye ngazi za bohari, mkoba magotini.

"Umesikia?" Tisa akasema. Alikuwa bado anatabasamu. "Washa tatu."

"Nimesikia." Alisubiri aketi. "Kampuni ilifungwa lini?"

"Ah, zamani."

"Mwaka gani, Baba?"

"Miaka kumi na tisa sasa."

"Na yule meneja uliyempa neno lako?"

"Alikufa mwaka uliofuata. Nilienda kuzika."

"Na Mama alikufa lini?"

"Si unajua."

"Nataka useme wewe."

Tabasamu lilikuwa limekwisha. "Mitatu."

"Miaka kumi na mitano kati yao, basi. Ulikuwa unamtunzia nani siri?"

Gari moja la maonyesho lilipita, refu, jeusi, watoto wakilikimbilia.

"Nilidhani atanicheka," akasema mwishowe. "Jambo likishakaa muda mrefu, Mama Mdogo..." Ndilo jina alilomwita bintiye alipokuwa mtoto.

"Usiniite hivyo leo. Mama alikuwa akisimama kwenye nguzo zile kila anapotoka sokoni. Ulikuwa ukimwona dirishani. Mimi pia nilikuwa nikimwona. Hakugombana na wewe hata siku moja, ulishawahi kujiuliza kwa nini? Mimi nilidhani ndiyo ndoa." Alivuta pumzi. "Siku zake za mwisho hospitali alinituma kwako. Nilikuletea maneno gani?"

"Yamepita hayo."

"Maneno gani?"

"Kwamba nimsamehe. Kwa lile geti."

"Ukasema nini?"

Tisa alitazama mkono wake.

"Ukasema nini, Baba?"

"Nilisema nimemsamehe."

Binti aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama anayemaliza kuandika mstari wa mwisho wa jalada. Kisha akasimama akamsaidia kushuka ngazi, kwa sababu zilikuwa na utelezi, wakafuatana hadi nyumbani. Kwenye nguzo mbili za zege alisimama. Hakuingia.

"Sasa nakuamini," alisema. "Yote. Ulikuwepo." Akageuka akaenda zake kwa hatua za mtu anayechelewa kazini, ingawa ilikuwa Jumamosi.

Tisa aliingia ndani. Jua la alasiri lilikuwa limewaka juu ya bibi mwenye glavu, juu ya gari linaloogelea, juu ya lakiri nzima kwenye waya wake. Alikaa. Kola ilikuwa inambana. Akangoja kidogo, kama aliyezoea kungojea, akasikiliza kama kuna nyayo zinazorudi uani.

Kisha akapandisha mkono wa kulia shingoni, vidole vinne, na kukipapasa kifungo. Kilifunguka mara moja, kama kilivyokuwa kikifunguka na kufungika mkononi mwake tangu mwezi wa pili baada ya ajali, kila alipokuwa peke yake.