Majani ya Shaba Mlangoni Petu

Juzi tulikuwa tunafunga umeme kwenye jengo jipya, mimi na fundi mwenzangu, naye akawasha bunduki ya joto ili mpira ujibane juu ya viungo vya nyaya. Hewa ya moto ikagusa plastiki na harufu ikapanda: tamu kidogo, kali kidogo, kama sukari inayoungulia karibu na soli ya kiatu. Mwenzangu akaniuliza mbona nimekunja uso. Nikamjibu ni vumbi. Ningemwambia nini? Kwamba harufu ile inanirudisha ngazini, kwenye ghorofa letu la Rissne, huku Sweden, nina miaka tisa, nimesimama katikati ya wanawake wawili wanaochukiana, na hasira yangu haijui imkamate yupi kati yao?

Ninyi nitawaambia.

Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa mama mmoja wa Kiswidi aitwaye Birgitta. Nywele zake nyeupe zilikatwa sawasawa kama kwa rula, na alivaa viatu vya mbao vilivyolia ko, ko, ko kwenye sakafu ya ngazi, hivyo kila mtu alijua anapotoka na anaporudi. Hakuwa na cheo chochote, lakini ngazi ile aliitawala. Baiskeli ikiegemezwa ukutani, aliitoa nje mwenyewe. Mama akikaanga ndagala, dagaa wa kwao, alifungua dirisha la ngazini hata kama nje barafu imekaza, akaliacha wazi mpaka vipini vya milango vikapata baridi ya kuchoma viganja. Sisi watoto tulipomsalimia, alitazama viatu vyetu. Mama alimwita Bi Ngazi.

Mama yangu alizaliwa Burundi na kukulia kambini kule Kigoma, ndiyo maana nyumbani kwetu Kirundi kilikuwa cha maombi na Kiswahili cha mambo mengine yote, hasa kugombeza. Alisafisha ndege uwanjani Arlanda. Baba alikuwa ameshahamia kwenye maisha yake mengine, na sitamzungumzia. Mama aliniambia tangu mwanzo kwamba ulimi wake ni mzito kwa Kiswidi, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa ulimi wake: kwa daktari wa meno, shuleni, kwenye duka la simu. Kazi hiyo niliipenda. Mtoto gani asingependa watu wazima wanyamaze wakisubiri aseme yeye?

Kila yalipofika majira ambayo Waswidi huyaita höst, majani ya miti yanapogeuka rangi na kuanguka, Birgitta alisimamia kazi za mikono katika chumba cha pamoja kule chini. Jumamosi asubuhi wapangaji walikaa pamoja na kutengeneza mapambo ya mlango mkubwa wa kuingilia. Mama aliyaita majira hayo vuli, kwa kuwa ndivyo kamusi ilivyomfundisha, na kila mwaka alilalamika kwamba hii ni vuli gani isiyopandwa hata maharage. Mwaka ule akasema, "Vaa sweta. Twende na sisi tukapambe. Nyumba hii si ya Bi Ngazi peke yake."

Tulipoingia ndipo nilipokutana na ile harufu. Juu ya meza ndefu palikuwa na majani yaliyokatwa kwenye vibao vyembamba, vidau vya wino wa hudhurungi na wa rangi ya divai, mihuri ya mpira, makopo ya dawa ya kutia mbao rangi, na chupa ndogondogo za unga wa rangi. Mwanamke mmoja alibonyeza muhuri kwenye wino mzito usiokauka upesi, akaugandamiza juu ya jani la mbao, akanyunyiza unga, kisha akaligongagonga jani ili unga uliozidi udondoke. Mpaka hapo lilionekana kama jani lililopakwa vumbi la matofali. Kisha akalielekezea bunduki ya joto. Unga ukatulia kwanza, mara ukalowa, ukavimba, ukang'aa, na mishipa ya jani ikasimama juu ya mbao kama shaba iliyotoka kusuguliwa.

"Yeeeh!" Mama akasema kwa sauti. Watu wakacheka, kicheko kizuri tu. Birgitta hakucheka.

Chupa za unga zilizunguka meza kutoka mkono hadi mkono. Zilipomkaribia Mama, Birgitta alinyoosha mkono, akafunga vifuniko kimoja kimoja, akazivuta upande wake. Halafu akasukuma mbele ya Mama jani la karatasi na mkebe wa kalamu za nta, zile za watoto wa chekechea. Aliyekaa kulia kwetu akajifanya anatafuta mkasi.

Mama akachukua kalamu ya kijani. Akapaka jani lake la karatasi polepole, bila kutoka nje ya mstari, akiwa amenyoosha mgongo kama yuko kanisani, mpaka wenzake wote walipomaliza. Mimi nilikaa pembeni yake masikio yakiniwaka moto. Nilitamani amwage kitu. Nilitamani avunje kitu.

Tulipokuwa tunapanda ngazi alisema, "Mwenye kovu usidhani kapoa."

"Nani ana kovu?"

"Panda ngazi."

Wiki iliyofuata jikoni kwetu kuligeuka karakana. Mama alirudi kazini na mfuko kutoka duka la vifaa vya mikono: majani ya mbao na dawa ya kuyatia rangi, vidau vya wino, muhuri wa jani, unga wa shaba na unga wa dhahabu. Bunduki ya joto tuliazima kwa Anti Njeri, Mkenya wa ghorofa ya pili, ambaye mumewe aliitumia kubandua rangi za zamani. Anti alikuja nayo mkononi akaishia kukaa nasi, akinywa chai na kuchochea moto.

"Mama Arlette, huyo mama ako na roho chafu," alisema. "Wewe usimnyamazie. Dawa ya moto ni moto."

"Ndiyo huu nauwasha," Mama akajibu, akabonyeza kitufe.

Msidhani alijua anachofanya. Bunduki ilikuwa na nguvu za kubandua rangi ya ukutani, na unga wote ulipeperuka hewani kabla haujayeyuka. Kwa siku kadhaa tuling'aa. Wali uling'aa. Mwalimu wangu aliniuliza kama nimetoka kwenye sherehe. Majani ya kwanza yaliungua kingo yakawa kama chapati zilizosahaulika, mengine yakatoa malengelenge. Mama alipojifunza kuisogeza bunduki mbali na kuiinamisha, akakosea kwenye dawa ya mbao: aliipaka baada ya unga badala ya kabla, ikatiririka ikakaa kwenye mabonde kama machozi ya kahawa. Tulipoyatazama hayo ya mwisho yakiwa yamekauka, tuligundua ni mazuri. Yalifanana na majani halisi ya miti ya pale nje, yaliyolala kwenye maji ya mvua yakaanza kuoza. Tulikata na majani ya karatasi ya kuweka katikati ya yale ya mbao, tukayatia rangi kwa majani ya chai yaliyochemshwa sana. Tukatoboa kila kitu, tukapitisha uzi, tukapata shada refu lenye mlio mdogo wa mbao kugusana.

Nilimwona Mama akilitundika mlangoni petu. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango wa Birgitta, akalitazama. Sijawahi kumwona akijipenda vile.

Kesho yake nilipotoka shule, mlango ulikuwa mtupu. Shada nililikuta nilipopeleka taka kwenye chumba cha chini. Lilikuwa ndani ya pipa, limekunjwa, na juu yake limemwagiwa masalia ya kahawa. Nililipandisha juu nikiwa nimelishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa.

Mama alilitazama bila kulifuta. Hakuvua hata sare ya kazi. Akanishika mkono, akavuka ngazi, akagonga mlango wa Birgitta. Kwenye mlango ule, karibu na pua yangu, lilining'inia shada lake yeye, la mbegu za misonobari na majani ya shaba.

Ko, ko, ko. Mlango ukafunguka.

"Muulize kwa nini," Mama akasema.

Nikauliza. Birgitta alitazama shada lililokuwa mkononi mwa Mama, akasema kwa Kiswidi, "Mwambie mama yako kwamba huku Sweden hatutundiki takataka milangoni." Neno alilotumia ni skräp, na yeyote aliyekulia huku anajua jinsi neno hilo linavyoweza kutemwa.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Nikatafsiri. Takataka.

Mama akainamisha kichwa, akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Sikusikia vizuri. Mwambie arudie, tafadhali."

Birgitta akapandisha sauti. Alisema ni takataka, na inanuka. Ngazi nzima inanuka samaki na plastiki inayoungua. Watu kama ninyi, alisema, watakuja kutuchoma sote humu ndani.

Nikatafsiri. Nilikuwa natukanwa kwa Kiswidi, kisha najitukana mwenyewe kwa Kiswahili, namtukana mama yangu kwa mdomo wangu, mbele ya macho yake, neno kwa neno.

"Hapo mwisho nimepotea," Mama akasema kwa upole kabisa. "Watu kama nani? Mwambie arudie."

"Mama, umesikia. Twende."

"Mwambie arudie."

Nikamgeukia Birgitta. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. "Mama anaomba urudie," nikasema. "Watu kama nani?"

Ndipo alipoinamisha macho akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu tuhamie pale.

"Watu wanaochezea moto jikoni," akasema. Sauti ilikuwa imepungua.

"Arudie," Mama akasema.

"Kuna sheria ya moto. Ngazini hakutakiwi kuwekwa vitu."

Mama hakuhitaji mkalimani kwa hilo lililofuata. Alinyoosha kidole chake chenye madoa ya wino, akaligusa shada la Birgitta, mbegu moja ikayumba. Akangoja. Birgitta akatazama shada lake, akanitazama mimi tena, akafunga mlango.

Mama alilitundika shada letu palepale lilipokuwa, na masalia ya kahawa yakiwa bado juu yake.

Mngetarajia nijivunie. Nilimchukia. Nilimchukia kuliko Birgitta, kwa maana Birgitta alikuwa amefanya kile ambacho Birgitta hufanya, lakini Mama alinisimamisha pale. Mlango wetu ulipofungwa nilimfokea kwa Kiswidi, lugha ambayo sikuwahi kumsemesha. Nilimwambia haelewi chochote. Nilimwambia kama angekuwa na akili angeelewa mara ya kwanza, nisingelazimika kuyasema yote yale.

"Nawa mikono ule," akasema.

Kuanzia jioni ile sikumjibu tena kwa Kiswahili. Akiniita kwa Kiswahili, niliitika kwa Kiswidi. Nikisema kwa Kiswidi kwamba sina njaa, nimekula shule, yeye alijibu, "Hata kama umekula shule, utakaa mezani." Tukaenda hivyo msimu kwa msimu, nikisubiri avunjike na kunisihi. Hakunisihi.

Na Birgitta? Hakuna siku aliyokuja na keki. Shada letu hakuligusa tena, lilikaa mpaka theluji ikaanguka, lakini tukiingia kwenye lifti yeye alitoka akapanda kwa miguu, ko, ko, ko, ghorofa zote. Dirisha aliendelea kulifungua. Mama naye aliendelea kukaanga ndagala, nadhani mara nyingi kuliko tulivyozipenda. Walichukiana kwa uaminifu mpaka siku tulipohamia Märsta, na siku hiyo Birgitta alisimama mlangoni kuhakikisha tunaondoka kweli.

Niliporudi kwenye Kiswahili nilikuwa mtu mzima, nacho kilikuwa kimeota kutu. Siku moja jikoni kwake, Mama akiosha mchele, nilimwuliza kuhusu siku ile. Kama kweli hakusikia.

"Nilimsikia mara ya kwanza," akasema, bila kugeuka. "Kiswidi nilikuwa nimeshakijua. Uwanjani ningefanyaje kazi bila hicho?"

"Sasa kwa nini ulinitesa?"

"Tusi la kwanza linaweza kumponyoka mtu. Linalorudiwa, huyo amelichagua. Nilitaka achague huku anakutazama wewe. Akashindwa. Si uliona?"

"Na mimi je? Mimi nilikuwa nani pale?"

Alifunga bomba. Alimwaga maji ya mchele, akaweka mengine. "Wewe ulikuwa na Kiswidi kizuri," akasema.

Hakuomba radhi, na mimi sikumsamehe. Niliondoka nikiwa na hasira ileile ya miaka tisa, ikiwa imekua mwili tu. Nilikaa ndani ya treni nikimsema kichwani: kwamba alishinda vita vyake kwa kunitumia mimi kama kitambaa cha kushikia sufuria ya moto, kwamba mimi nilimwadhibu na adhabu yangu hata haikumfikia.

Treni ilikuwa imeshapita stesheni kadhaa ndipo nilipoona kile ambacho mtoto hakukiona. Misimu yote ile nilimrushia Kiswidi changu, cha haraka, cha shuleni, chenye matusi ya uani ambayo sikuthubutu kuyasema kwa lugha yetu. Niliyasema nikiamini yanampita juu ya kichwa.

Hakuniomba nirudie hata mara moja.