Masaa Manne Kutoka Manaus

Mdogo wangu aliolewa na Mbrazili aliyekutana naye Dar, akahamia naye Manaus, mji ulio katikati ya msitu. Mama alipofariki kwetu Mpuguso tulikubaliana jambo moja tu: hazikwi mpaka mdogo wangu afike. Yeye ndiye kitindamimba, na mama alikuwa akimwita mpaka dakika za mwisho. Basi mwili tukauacha mochwari mjini Tukuyu, tukakaa msibani tukisubiri.

Siku ya safari mdogo wangu alimpigia simu baba mdogo, msimamizi wa msiba. Mimi nilikuwa nimekwenda Isongole kutafuta viazi vya waombolezaji. Akamwambia anapanda ndege, baada ya masaa manne atatua. Hakutaja atatua wapi, maana kwake ilikuwa wazi: São Paulo, kilomita kama elfu mbili na mia saba, ndani ya Brazili hiyohiyo, ndipo aanze safari ya kuvuka bahari. Kwa baba mdogo nako ilikuwa wazi. Ndege ikishapaa na mtoto wetu ndani, inakuja uwanja wetu wa Songwe.

Nilirudi kwa bodaboda na gunia langu la viazi, nikakuta jeneza sebuleni, migomba imekatwa kupisha kaburi, akina mama wanalia upya.

"Nani kamtoa mama?"

"Mimi," baba mdogo akasema. "Mwenzako yuko njiani. Masaa manne, kasema mwenyewe."

Nikamweleza, kwa sauti ambayo binti hapaswi kumpandishia mzee, na sijutii. Hata akitua, nikasema, atakuwa bado hajatoka Brazili.

"Masaa manne angani na bado yumo nchini kwao? Hiyo ndege inakwenda kwa miguu?"

Watu wawili watatu wakacheka. Kwetu msibani watu hucheka, si vibaya. Ila siku hiyo nilitamani kuwarushia vile viazi kimoja kimoja.

Nikaomba mama arudishwe mochwari. Hapo hakuna aliyecheka. Kwetu maiti akishaingia nyumbani kwake akaliliwa, anatoka kwenda kaburini tu. Kumrudisha ni kumfukuza. Baba mdogo alikuwa ameshaelewa alichokifanya, lakini hilo hakuliweza, na wazee wenzake hawakuliweza. Tukamzika jioni ileile. Nilitupa udongo wangu, kisha nikainama tena nikatupa wa mdogo wangu.

Simu iliita tukiwa tunanawa. Alikuwa ametua São Paulo.

"Dada, mwambie baba mdogo asimtoe mama mpaka niwe nimefika Dar."

Nikamwambia ukweli, hivyohivyo ulivyo, kwa sababu sikupata namna nzuri ya kuusema. Alilia kule uwanjani, nikasikia mtu akimuuliza kitu kwa Kireno. Nami nililia huku. Baba mdogo alisimama pembeni yangu, kofia mkononi, akinyoosha mkono apewe simu, kisha akaurudisha.

Mdogo wangu alipopata sauti akauliza, "Sasa dada, nije au nirudi?"

Kurudi kwake ni masaa manne tu. Kuja kwetu ni ndege tatu nyingine, na barabara. Nikamwambia njoo, mdogo wangu, njoo. Lakini miaka yote alikuwa anakuja kwa mama, na mimi sikujua namwita aje kwa nani.