Disketi za Mwalimu Kweyu

Kweyu alifundisha kompyuta katika chuo kidogo juu ya bucha, mtaani Umoja. Mwaka wa 1998 rafiki yake alimletea Linux, programu ya bure ya kuendeshea kompyuta, ndani ya sidii, naye akaipenda mno. Kompyuta nyingi za mtaani hazikuwa na pa kutilia sidii, kwa hiyo aliinakili kwenye disketi na kuwagawia watu bure. Wengi walizirudisha wakisema Linux imewashinda. Kweyu aliona ni uvivu tu.

Mwelu, ambaye wengi walimwita Mama Nzivo, alikuwa karani wa kanisa huko Mowlem, mtaa wa jirani. Kompyuta ya kanisa ilikuwa ikigandaganda, na Kweyu akamhakikishia kwamba disketi zake zingeitibu. Afuate maandishi tu, alimwambia, na akikwama abonyeze Enter. Mwelu akafanya hivyo. Linux iliingia vizuri, lakini nyimbo za kwaya alizokuwa amepiga chapa kwa miezi mingi zikapotea zote.

Alikwenda chuoni, akangoja darasa liishe.

"Mwalimu, hiyo kitu iliniuliza swali," alisema, "na mimi sikujua naulizwa nini."

Kweyu alimjibu kuwa onyo lilikuwepo. Akawasha kompyuta amwonyeshe, akasoma kwa sauti, kisha akasoma tena kimoyomoyo. Kile Kiingereza kilisema kuandika kwenye diski. Kufuta hakikukutaja popote. Alimwomba msamaha, ingawa ilimchukua muda kulitoa neno lenyewe.

Tangu hapo Mwelu alikuwa akipitia chuoni akitoka kazini. Aliketi mbele ya kompyuta, Kweyu nyuma yake akiwa amekatazwa kusema lolote. Kila mahali mkono wa Mwelu uliposita, Kweyu alifungua faili la maandishi yale ya Kiingereza na kuyaandika upya kwa Kiswahili. Walibishana sana. Kweyu alitaka "kigawanyo". Mwelu akasema hakuna mtu Mowlem anayesema hivyo, iandikwe "sehemu ya diski". Ni yeye pia aliyeshikilia kwamba anayebonyeza Enter bila kusoma awe amejibu Hapana.

Mwishowe disketi ya kwanza ilisema: "Karibu. Kabla ya kufuta chochote, tutakuuliza. Kama hujaweka nakala ya kazi yako, zima kompyuta sasa."

Nyimbo zilipigwa chapa upya, nusu na Mwelu, nusu na Kweyu, wanakwaya wakiwaimbia beti walizokumbuka. Kanisa lenyewe halikubaki na Linux, maana printa yao haikuelewana nayo. Mwelu hakulalamika. Aliirudisha kompyuta kama ilivyokuwa, akaendelea kuwaelekeza watu chuoni.

Siku moja alikuja mwanamume wa Dandora aitwaye Simiyu, ambaye Kweyu hakuwahi kumwona. Disketi alizipata kwa jirani. Alikuwa ameingiza Linux peke yake, hakumuuliza mtu, na hakupoteza kitu. Sasa alitaka kujua inafanya kazi gani.

Kweyu akamvutia kiti.