Mbuzi wa Kitovu

Watu wakisikia maandamano hufikiria mawe na matairi. Yetu hapa Garissa yalikuwa ya vitoto vya mbuzi, na sijasikia mengine yaliyopiga kelele kama yale.

Wageni huwacheka mbuzi wa mji wetu. Asubuhi tunawafungulia, wanakwenda zao. Wanakula maganda ya matikiti sokoni, maganda ya miti ya mathenge kando ya barabara, hata maboksi nyuma ya maduka. Vitoto vyao tunavifungia nyumbani visije vikamaliza maziwa. Jua likiinama, kila mbuzi anarudi mlangoni kwake bila kuswagwa, maana kiwele kimejaa na mtoto anaita. Ndivyo nilivyowakuta watu wakiishi nilipohamia kutoka Balambala, ukame uliponimalizia mifugo.

Basi wakubwa wa mji wakapitisha sheria: mbuzi atakayeonekana barabarani akamatwe, na baada ya siku tatu apigwe mnada. Eti tuliitwa tukatoe maoni. Tuliitwa lini? Tangazo walilibandika ndani ya ofisi yao wenyewe, wakalisoma wao, wakakubaliana wao.

Jumatatu gari lao lilipita, na wangu akazolewa na wenzake. Ndiye mbuzi pekee niliyekuwa naye, yeye na kitoto chake nyumbani, kahawia, sikio moja limechanika. Kwetu Wasomali mtoto akizaliwa hupewa mnyama jike siku hiyohiyo. Tunamwita wa kitovu, na kila atakachozaa ni cha mtoto. Mimi nilipewa mbuzi, na uzao wake ukanifuata hadi kwa mume, ukavuka ukame baada ya ukame, mpaka akabaki huyu mmoja. Mjukuu wangu wa kike alipozaliwa, nikampa. Sasa eti Alhamisi auzwe, akaishie kwenye sufuria ya mtu! Roho iliniwaka, wallahi.

Mwanangu, baba wa huyo mtoto, ni mtu wa ofisi, shati limepigwa pasi hata siku ya mapumziko. Akaniambia, "Hooyo, mama yangu, achana nao. Nitakununulia mbuzi wawili, wazuri kuliko yule."

"Na mama yako utamnunua soko gani?" nikamuuliza. Lakini niliona bado anahesabu bei moyoni.

Kina mama wote tulioporwa mbuzi tukakutana kwangu. Vijana wa mtaa wakaja na matairi yao, tayari kuchoma. Tukawafukuza. Moshi wao ungeingia machoni mwetu, kisha tungeitwa wahuni. Waswahili husema mwenye nguvu mpishe. Mimi nasema mpishe kama anapita, lakini akisimama mlangoni mwako utampisha aingie wapi? Tukapatana: Jumatano alasiri, kila mmoja aje na kitoto chake.

Tukaenda. Wengine walivibeba kwa shuka mgongoni, wengine walivijaza kwenye mikokoteni ya punda, na jirani yangu, mtu wa madaha, alikodi tuktuk yeye na vitoto vyake, akashuka kama bibi harusi. Boma walimofungiwa mbuzi lilikuwa na lango la mabati, na nyuma yake ukumbi wa mikutano. Siku hiyo ukumbini palikuwa na wageni kutoka Nairobi, wakielezwa jinsi mji ulivyo safi.

Hatukuimba, hatukutukana. Tuliketi chini, tukaviachia vitoto mbele ya lango.

Loo! Kitoto kimoja kililia, mama yake akajibu kutoka ndani. Kisha vyote. Mabati yakaanza kugongwa kwa pembe. Nilimtambua wangu kwa sauti, ana mkwaruzo kooni, na machozi yakanitoka, nami si mtu wa kulia ovyo. Askari wa langoni akatubembeleza kwa lafudhi ya kwetu, "Mama, bole, mimi nimetumwa tu." Nikamwambia, "Na hawa je, nani amewatuma?"

Mkubwa wao akatoka ukumbini, miwani mkononi, jasho linamtiririka. Ni mtu wetu, wa upande wa Wajir. Akaamuru lango lifunguliwe kidogo, vitoto vinyonye, kelele ziishe. Vikaingia mbio, na kukawa kimya, mikia tu inacheza. Nilimwona wangu amesimama, macho nusu amefumba, kitoto kinamsukuma kiwele.

Vilipokuwa bado vinanyonya yule mkubwa akasema, "Haya, chukueni vitoto vyenu mwende."

"Watenganishe wewe," nikamwambia.

Akamtazama askari. Askari akatazama viatu vyake. Hakuna aliyesogea, kwa sababu hapo hapakuwa na mtu asiyelelewa na maziwa.

Ndipo nikamuuliza, kwa Kisomali, si kwa Kiswahili cha ofisi, "Wa kitovu chako alikuwa rangi gani?"

Akajibu kabla hajajizuia. "Ngamia. Mwekundu."

"Yuko wapi?"

Akavaa miwani, akaivua tena. "Ukame," akasema.

Nilimhurumia kweli. Lakini sikuinuka. Nikamwambia, "Wa mjukuu wangu hakuuawa na ukame. Yule pale. Kesho utamuua wewe?"

Alimtazama mbuzi wangu na kitoto chake. Kisha akasema sheria hawezi kuifuta yeye, hiyo ni kazi ya kikao, na kikao safari hii kitakaa sokoni tukisikia. Ila mnada hautakuwepo. Akalisukuma lango mwenyewe. Mbuzi walitupita bila hata kutusalimia, kila mmoja na njia yake na mtoto wake nyuma. Tukapiga vigelegele mpaka wageni wa Nairobi wakatoka kutazama.

Nilipofika nyumbani, mbuzi alikuwa ametangulia zamani. Mjukuu wangu amemshika lile sikio lililochanika, anamgombeza, "Ulikuwa wapi wewe? Sema!" Nikacheka mpaka nikakaa chini.

Magharibi mwanangu alikuja. Habari alikuwa nazo, mji mzima ulikuwa nazo. Nilidhani atanipongeza au atanionya. Alikaa kwenye mkeka, akamtazama binti yake na mbuzi kwa muda mrefu.

"Hooyo," akasema, "wangu alikuwa rangi gani?"

"Mtamba wa ng'ombe. Mweupe, ana doa jeusi begani."

"Yuko wapi?"

"Nilimuuza ulipoitwa shule ya bweni, akawa karo yako."

Aliinuka, akakunja mikono ya lile shati lake, akaenda kumfungia mbuzi zizini.