Wote Sawa, Amesema Muuguzi

Kabla hajagusa tumbo la mtu, Teodora alikuwa na kawaida ya kupasha mikono yake moto. Aliisugua, akaipuliza, kisha akaibana makwapani kwa muda kama mtu anayesikia baridi. Wauguzi wenzake wa zahanati kule Mkolani walimcheka. "Mama Kija, mtu mwenye uchungu atajali vidole vya baridi?" Yeye alijibu kwamba asiye na uchungu atajali. Tumbo likishtuka hujikaza, na likijikaza halimwambii mkunga kitu.

Mikono hiyo ndiyo iliyofanya shule ya sekondari ya wasichana, ile iliyokuwa ng'ambo ya barabara, imwite kila Januari shule zilipofunguliwa. Desturi ilikuwa ya zamani kuliko mkuu wa shule mwenyewe. Wasichana walipanga mstari nje ya stoo ya magodoro, wakaingia mmoja mmoja na kulala juu ya benchi. Teodora alibonyeza chini ya kitovu, akasema, "Sawa." Matroni Rebeka, aliyesimama mlangoni, akaita, "Anayefuata." Kama Teodora hakusema kitu, msichana alikwenda kusimama ukutani. Ukimya ulitosha. Kufikia jioni msichana wa ukutani alikuwa njiani kurudi kwao na sanduku lake la bati, na masomo yake yaliishia hapo, maana wakati ule aliyefukuzwa kwa mimba hakurudishwa.

Hakuipenda kazi hiyo wala hakuichukia. Aliifanya kama alivyochoma sindano, macho yakiwa mahali pa sindano tu. Lakini kuna siku, akinunua dagaa sokoni Kirumba, alimwona mwanamke kijana nyuma ya rundo lake na mtoto mgongoni, akamtambua. Alikwenda kununua kwa mwingine, na dagaa wale hakuwala kwa raha.

Mwaka ule ulikuwa wa mvua za El Nino. Zamani kulikuwa na redio moja, na magazeti ambayo kila mtu alijua yatasema nini. Sasa magazeti yalikuwa mengi, yakining'inia kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na kila moja lilitaka kupiga kelele kuliko jirani yake. Maji yalipokata reli, magazeti ya Dar yalifika Mwanza yakiwa ya juzi na ya juzi ile, lakini ugomvi uliokuwamo haukuchacha. Daktari mmoja alikuwa ameeleza redioni habari za vidonge ambavyo mwanamke anaweza kumeza ndani ya siku tatu baada ya tendo ili asishike mimba. Basi maneno yakazuka. Padri aliandika kwamba huo ni uuaji uliovikwa koti jeupe. Wanasheria wanawake waliandika kwamba sheria ya kutoa mimba inawaua maskini peke yao. Msomaji mmoja wa Magu akamaliza kabisa: alidai kuna shule pembezoni mwa Mwanza ambako wasichana wanayamwaga matumbo yao kila likizo. Hakuitaja jina. Hakukuwa na haja.

Teodora alizisoma barua zote, jioni, kwenye benchi la zahanati. Alikuwa Mkatoliki wa kuamka alfajiri, na pia alikuwa amewapokea wasichana waliobebwa kwa baiskeli wakivuja damu. Kila barua ilimshawishi mpaka alipoisoma iliyofuata.

Siku ya kupima, mkuu wa shule, Mwalimu Pius Chenge, alimpokea kwenye ofisi ya walimu akiwa amevaa tai. "Karibu Mama Kija. Leo tuna mgeni. Nimemwita aje ajionee mwenyewe, tuwafunge watu midomo."

Mgeni alikuwa kijana aitwaye Ndalahwa, mwandishi wa gazeti moja jipya la wiki lililochapwa palepale mjini. Kamera ilimning'inia shingoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Walimu walikuwa wamekwisha kuwasha moto. "Hivyo vidonge ni kuwapa ruhusa," Rebeka alikuwa akisema. "Kesho watavibeba mfuko mmoja na kalamu."

"Bora wao wabebe vidonge," alisema Yeremia, mwalimu wa fizikia, "kuliko sisi kuwabeba wao kwenda hospitali."

"Wewe Yeremia huna binti, nyamaza."

"Nina dada saba, matroni. Hilo ni bweni zima."

Walicheka. Ndalahwa alimgeukia Teodora. "Na wewe mama, mtaalamu wetu, uko upande gani?"

"Mimi niko upande wa benchi," alisema Teodora. Wakacheka tena, naye akapata njia ya kutoka.

Kazi ilikwenda. Sawa. Anayefuata. Sawa. Mvua ilipiga mabati, mwandishi akasubiri barazani pamoja na mkuu. Karibu na mwisho wa mstari akaingia Akelo, binti mrefu wa kidato cha tatu, mtoto wa wavuvi wa ufukwe wa ziwa huko Mara, ambaye Yeremia alipenda kumsifu kwa hesabu zake. Alilala, akafumba macho. Vidole vya Teodora vilishuka, vikakutana na kitu kigumu cha mviringo, kikubwa kama chungwa, kikichungulia juu ya nyonga.

Mkono ulisimama. Akelo alifumbua macho.

"Mama, usiniweke ukutani," alinong'ona. "Nipe mpaka Jumamosi. Nimeshapata mtu."

"Mtu gani?"

"Wa mjini. Wanamwita Dokta."

Teodora alimjua huyo Dokta. Alikuwa amewahi kufagia wodi, hakuna zaidi. Alizijua kazi zake kwa sababu ziliishia mlangoni pa zahanati.

"Na mwenye mzigo?"

"Mnunuzi wa sangara. Amehamia Bukoba." Kisha, kwa sauti ndogo zaidi, "Nilisikia redioni habari ya vile vidonge vya siku tatu. Kipindi kilikuja nina miezi mitatu."

Teodora akinyamaza, msichana atasimama ukutani mbele ya kamera, na kesho yake atakwenda kwa Dokta akiwa hana la kupoteza. Akisema sawa, atakwenda Jumamosi. Njia zote mbili zilipita mlango uleule. Tofauti ilikuwa siku chache tu.

"Sawa," alisema Teodora. Akainama kama anayeliweka benchi vizuri. "Jumamosi uje kwangu kwanza, kabla ya kwenda popote. Umesikia?"

Akelo alishuka akatoka.

Mstari ulipokwisha, ukuta ulikuwa mtupu. Mwalimu Pius alitabasamu mpaka tai ikapinda. "Hebu mwambie, Mama Kija. Wangapi?"

"Wote sawa," alisema Teodora, na mwanga wa kamera ukampiga usoni.

Gazeti lilitoka Ijumaa. Picha yake ilijaza nusu ya ukurasa, na juu yake maandishi makubwa: WOTE SAWA, AMESEMA MUUGUZI. Chini yake habari ilisema kwamba shule hiyo ni jibu kwa wanaotaka vidonge na sheria mpya, kwamba nidhamu peke yake inatosha. Wanakwaya wenzake walimpigia vigelegele. Yeremia alimpita njiani akamsalimia kwa ufupi. Neno moja la Teodora, tena la uongo, lilikuwa limepewa upande, na yeye hakuulizwa.

Jumamosi alikaa nyumbani tangu asubuhi. Alipika akaacha, alifagia palipofagiwa. Mchana ukapita. Mvua ikaja, ikakatika. Alikuwa ameshavaa viatu ili aende mjini kutafuta nyumba ya yule mtu, ndipo Akelo alipotokea uani, amelowa chapachapa.

Jicho la muuguzi lilitangulia: sketi, miguu, nyayo. Hakukuwa na damu.

"Umetoka wapi?"

"Kwake. Hajanigusa." Meno yalikuwa yakigongana. "Nilimkuta anasoma gazeti. Akaniuliza nasoma wapi, nikamtajia. Akanisogezea picha yako puani. Eti muuguzi wenu kasema wote sawa, kwa hiyo wewe huna mimba, umetumwa na waandishi uje uninase. Akanifukuza kama kuku aliyeingia jikoni."

Teodora alimwingiza ndani. Alimpa kanga kavu na chai ya tangawizi.

"Mama, umenifungia mlango," alisema Akelo, na hapo ndipo alipolia. "Mimi sitaki kitu kikubwa. Nataka kumaliza shule. Hilo tu."

Teodora alimwacha alie mpaka chai ikapoa. Alizikumbuka zile barua zote, na hakuona hata moja iliyokuwa imeandikwa kwa ajili ya msichana huyu. "Kuitoa siwezi kukutolea," alisema mwishowe. "Sheria hainiruhusu, na moyo wangu nao sijui ungesemaje kama ingeniruhusu. Lakini shule nitakwenda kuiomba. Niliyesema sawa ni mimi."

Jumatatu alikwenda peke yake. Gazeti lilikuwa limebandikwa ukutani, juu ya kiti cha mkuu. Mwalimu Pius alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mama Kija, umeniua."

"Ndiyo, mwalimu."

"Afisa elimu amenipigia simu kunipongeza. Wazazi wanakuja kuomba nafasi. Leo nimfukuze mtoto kwa mimba, wiki ijayo yule kijana arudi na kamera yake?" Aliitazama picha ukutani kwa muda mrefu. "Sasa hapa hakuna mwenye mimba. Hawezi kuwapo."

"Lakini yupo."

"Si mtoto wa ziwani huyu?" alisema mkuu polepole. "Watoto wa ziwani huvimba matumbo kwa kichocho."

"Kichocho kinatibiwa kwa dozi moja, mwalimu."

"Hiki cha kwake kitachukua mpaka Januari," alisema Mwalimu Pius, akavaa miwani yake.

Akelo aliondoka na sanduku lake kama mgonjwa, na Rebeka akamsindikiza hadi barabarani akimpa pole. Magazeti yaliendelea kugombana mpaka yalipopata jambo jingine. Mwishoni mwa mwaka mfanyabiashara mmoja wa samaki alileta salamu kutoka Mara: ni mtoto wa kike, bibi yake ameshamzoeza uji wa mtama.

Januari iliyofuata mstari ulipangwa tena nje ya stoo. Mwandishi hakuwapo, na ukuta wa ofisi ulikuwa umepakwa rangi mpya. Akelo aliingia, akalala, safari hii macho yakiwa wazi. Teodora aliibana mikono makwapani, akaishusha. Ngozi chini ya kitovu ilikuwa imelegea, ngozi ya mwanamke aliyebeba akatua. Mikono hiyo haikuweza kukosea, na binti alijua kwamba haikuweza.

"Sawa," alisema Teodora kwa sauti ya kusikika hadi barazani.

"Anayefuata."

Akaingia msichana mdogo wa kidato cha pili. Alipanda benchi akiwa amekaza macho darini, mikono miwili imefunika tumbo kabla hajaambiwa lolote. Teodora alisugua viganja. Akavipuliza. Akavirudisha makwapani, akakaa navyo humo.

"Mama Kija," aliita Rebeka kutoka mlangoni, "mstari bado mrefu."

"Ngoja kidogo," alisema Teodora. "Mikono bado ina baridi."